Boga Kwenye Supu ya Kuku

Jumamosi ile asubuhi Tudor Cebotari alimkimbiza kuku wake kuzunguka uwanja mzima, na kuku ndiye aliyekuwa anashinda. Alikuwa kuku mzee, mweusi, mwenye miguu iliyokakamaa, na alikuwa ameacha kutaga tangu baridi ya mwaka jana. Tudor ni fundi wa kujenga majiko ya matofali. Mabega anayo, mikono anayo, lakini kukata kona hajui. Kila alipoinama, kuku alipita katikati ya miguu yake.

"Tudor," sauti ilisikika kutoka ng'ambo ya uzio, "huyo kuku unamchinja au unamwomba ruhusa?"

Alikuwa mama mkwe wake, Agafia. Nyumba zao zilitenganishwa na uzio wa mbao tu, na kwenye uzio huo Agafia alikuwa amebandua ubao mmoja, eti wa kupitishia sahani za chakula. Sahani zilipita kwa nadra. Macho yalipita kila siku.

"Za asubuhi, Mama."

"Zangu nzuri. Za kuku ndiyo nauliza. Kamata aliye mchanga. Huyo utamchemsha mpaka Krismasi."

"Wachanga wanataga."

"Basi mpige picha huyo, umpe Dochia ale picha."

Tudor alivua koti, akalitupa juu ya kuku kama mtu anayezima moto, kisha akalilalia. Kuku alipiga kelele, Agafia akacheka mpaka akashika uzio, na kwenye dirisha la jikoni akatokea Ilinca, binti wa Tudor, msichana wa miaka kumi na mitano mwenye ulimi wa bibi yake.

"Baba," alisema, "ukimaliza kulala naye, maji yamechemka."

Shughuli yote hiyo ilitokana na simu. Mke wa Tudor, Eudochia, ambaye sote tulimwita Dochia, alikuwa Italia mwaka wa pili sasa, akitafuta fedha za paa jipya kwa kumtunza bibi mmoja asiyeweza kuinuka kitandani. Pale kijijini kwetu si habari ya kushangaza. Ukihesabu wanawake wenye nguvu, nusu yao wako huko wakiwageuza wazee wa watu. Jumatatu alikuwa amepiga simu kusema anakuja Jumamosi, atakaa siku chache, na akiondoka ataondoka na Ilinca.

"Mama ananiambia mtoto anakula viazi vya kukaanga asubuhi, mchana na jioni," alisema.

"Jioni tunakula mayai," alijibu Tudor, na papo hapo akajua kwamba hakujisaidia.

Kwa maneno Tudor hakuwahi kumshinda mtu yeyote, sembuse mkewe. Alipokata simu alikaa akiitazama sufuria kubwa iliyoning'inia ukutani. Kila mwaka zabibu zilipokwisha kuvunwa na mboga zikawa zimejaa bustanini, Dochia alikuwa akiishusha sufuria ile na kupika supu ya kuku, ile tunayoiita zeama, yenye tambi za kukata kwa mkono na uchachu wa maji ya pumba za ngano zilizochachushwa. Tudor akaona kwamba mwanamume akiweza kuweka supu hiyo mezani, hakuna atakayethubutu kusema hawezi kulea mtoto. Hilo hakuna aliyemwahidi. Alijiahidi mwenyewe.

*

Jikoni, alijifunga aproni ya mkewe yenye maua kwa sababu nyingine haikuwepo, na kamba zake zikakutana kwa shida nyuma ya kiuno chake. Mezani alikuwa amepanga mavuno yake: karoti zikiwa bado na udongo, vitunguu, mzizi wa figili mkubwa kama ngumi, pilipili hoho nyekundu za mwisho wa msimu, nyanya laini, na boga moja la manjano ambalo hakuna aliyeelewa lilifuata nini pale.

"Nikusaidie kumenya," alisema Ilinca.

"Usiguse kitu. Mama yako akiuliza nani kapika, nataka nijibu ukweli."

"Akiuliza kwa nini karoti zina udongo, nalo utajibu ukweli?"

Tudor aliziosha tena. Alizikata vipande vikubwa, kwa namna anayovunja matofali, kisha akalivuta boga.

"Baba, Mama haweki boga."

"Mama yako hakuwa na boga zuri kama hili."

"Hakuna mtu yeyote anayeweka boga. Bibi akisikia ataita padri."

"Ni la msimu, ni tamu, tumelima sisi wenyewe. Kuna sheria?"

Ilinca akainua mikono kama mtu anayejitoa kwenye kesi.

Kuku alikuwa bado anachemka kwa fujo, mfuniko ukirukaruka, wakati jirani yao Pintilie alipoingia bila kubisha kuazima faneli. Alikuwa anahamisha divai mpya kutoka kwenye pipa, na pua yake ilionyesha kwamba nyingine ilikuwa imehamia kwake tayari. Alisimama mlangoni, akaitazama aproni kutoka juu hadi chini.

"Nisamehe, shangazi," alisema, "Tudor yupo?"

"Faneli iko kwenye rafu."

"Kumbe ni wewe, na umejipamba! Bwana Tudor, usijichoshe. Nakwambia kama jirani. Wakishazoea kule hawarudi. Mke wa Sandu alikuja mwaka jana, akakaa kama mgeni hotelini, akachukua watoto wake, kwaheri. Sasa Sandu anaongea na mbwa."

Tudor aliendelea kukoroga ingawa supu haikuhitaji kukorogwa. Shingo yake ilikuwa imegeuka nyekundu.

"Mbwa wa Sandu ana akili," alisema hatimaye.

"Nawe mjomba Pintilie," alisema Ilinca bila kuinua macho, "mkeo yuko hapa hapa na bado unaongea na mbwa. Tunakusikia."

Pintilie alicheka, akachukua faneli, akatoka. Lakini alipoondoka, jikoni hapakurudi kuwa kama awali. Tudor alikaa kwenye kiti, mwiko ukiwa mkononi, akatazama ukuta.

Walipokumbuka sufuria, supu ilikuwa imechemka kupita kiasi. Povu ambalo lilipaswa kutolewa mapema lilikuwa limejivunjia ndani. Boga lilikuwa limeyeyuka lote, na mchuzi uliopaswa kung'aa ulikuwa mzito wa manjano, kama maji ya mto baada ya mvua. Kuku alichomwa uma, uma ukagoma. Tudor akaonja, akaona inahitaji uchachu, akamimina maji ya pumba, chupa ikamteleza.

"Onja," alimwambia binti yake.

Ilinca alionja. Jicho lake moja likajifunga lenyewe.

"Sema."

"Ina nguvu, Baba."

*

Agafia aliliacha tundu la uzio akapita langoni, akiwa amekumbatia sufuria iliyofunikwa kwa taulo, akatembea uwanjani kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Aliiweka mezani, akafunua mfuniko wa Tudor, akachungulia, akafunika tena upesi.

"Mungu wangu. Kuna boga humo?"

"Lipo," alisema Tudor.

"Ficha hiyo. Utaweka mezani hii yangu. Nimeipika tangu alfajiri, kuku mchanga, tambi nimekata mwenyewe. Utasema umepika wewe."

Tudor alimtazama. Mtu mpole naye ana siku yake ya kupandisha sauti, ila yake haikupanda sana.

"Mama, wewe si ndiye uliyempigia simu? Viazi asubuhi, viazi mchana?"

Agafia alivuta kiti akakaa. Alikunja taulo mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilidhani akisikia mtoto anakula viazi, atarudi yeye," alisema. "Mama gani asingerudi? Kumbe yeye kaona njia fupi, amchukue mtoto. Nimeongea sana, Tudor. Nilikuwa nachochea arudi, nimechochea waondoke wote. Wakienda hao wawili, tutabaki mimi na wewe, tukichunguliana kwenye hilo tundu mpaka mmoja wetu afe. Na wewe si mtu wa maongezi."

Tudor alishindwa kukasirika. Kwa kweli alihisi nafuu, kwa sababu alikuwa amedhani ni yeye peke yake anayeogopa.

"Kwa hiyo mimi ndiyo nagombewa kwa sufuria?" aliuliza Ilinca kutoka pembeni ya meza. "Hakuna anayefikiria kuniuliza?"

"Panga vijiko," walimwambia wote wawili.

Tudor aliichukua supu yake akaipeleka jiko la nje, akaiweka nyuma ya kuni. Aliifunika vizuri, akasimama kidogo karibu nayo, kisha akarudi ndani.

*

Dochia aliteremka kwenye basi dogo pale kisimani, mchana kweupe, akiwa amekonda. Nywele alikuwa amezikata fupi. Alimkumbatia Ilinca muda mrefu, akamsukuma nyuma kumtazama, akamkumbatia tena. Kwa Tudor alitoa shavu, kisha akabadili mawazo akatoa la pili. Hata kabla ya kuvua koti alifungua begi: jibini, kahawa, kitambaa cha kichwa cha mama yake, na viatu vyekundu vya ngozi vya Ilinca.

Ilinca alikaa akavivaa. Alisukuma, akavuta, akasimama kwa vidole.

"Vimenitosha," alisema.

Kila mtu aliona kisigino kikiwa nje. Dochia alipiga magoti, akajaribu kukiingiza kwa kidole chake kama anavyofanyiwa mtoto mdogo, kisha akaacha. Alibaki ameshika mguu ule.

"Nilinunua kwa kipimo ninachokikumbuka," alisema.

"Nimekua kidogo, Mama. Si kosa lako. Ni viazi."

Dochia alicheka, lakini aliporudisha viatu kwenye boksi aliwapa kisogo wote kwa muda.

Mezani supu ya Agafia iliwekwa mbele yake. Mchuzi uling'aa kama chai nyepesi, duara za mafuta zikielea, leustean, yale majani mabichi ya kutia harufu kwenye supu, yakinukia chumba kizima. Dochia alichota kijiko, akanywa, akatulia. Alimtazama Tudor, akamtazama mama yake, ambaye ghafla alikuwa na kazi kubwa ya kukata mkate.

"Nani kapika?"

"Mimi," alisema Tudor.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Hongera. Hebu nifundishe basi. Haya majani umeyatia wakati gani?"

"Mwanzoni. Pamoja na kuku."

Agafia akakohoa.

"Pamoja na kuku! Yakachemka muda wote huo na bado yako mabichi hivi. Na tambi? Nyembamba kama uzi. Umezikata kwa kifaa gani?"

Tudor alitazama vidole vyake, vinene kiasi kwamba kimoja kilitosha kuziba shingo ya chupa.

"Kwa subira," alisema.

Ilinca alipasuka kwa kicheko kilichomtokea puani pamoja na mchuzi. Agafia akampiga mgongoni, naye mwenyewe akiwa anauma midomo.

"Hizi tambi nimezila tangu sina meno," alisema Dochia. "Mama, usigeuze uso, nakuona. Haya, Tudor. Yako iko wapi?"

Tudor alianza kumega mkate.

"Nyuma ya kuni," alisema Ilinca.

Tudor akatoka. Njia ya kwenda jiko la nje ni hatua chache tu, lakini aliitembea kama mtu aliyeitwa na mkuu wa shule. Alirudi na sufuria, akapakua bila kumtazama mtu. Kuku alianguka kwenye bakuli kwa kishindo.

Dochia alionja. Alitafuna nyama, akatafuna, akabadilisha upande, akatafuna tena.

"Kuna boga humu."

"Lipo."

"Nani anaweka boga kwenye supu ya kuku?"

"Mimi."

"Ni mbaya, Tudor."

"Najua."

Dochia alinyoosha mkono, akachukua kipande cha mkate, akakichovya kwenye ule mchuzi wa manjano na kuendelea kula. Walimngoja aache. Hakuacha.

"Kila Jumamosi nampikia yule bibi supu," alisema akiwa ameinamia bakuli. "Namlisha kijiko kwa kijiko. Ikibaki nakula nimesimama mlangoni pake, maana akipaliwa lazima niwahi. Toka nimeondoka hapa hakuna mtu aliyewasha moto kwa ajili yangu. Hata wa kuniharibia supu."

Tudor alijaribu kuvua aproni, fundo likakataa, akaiacha.

"Nilikuja kugombana," Dochia aliendelea. "Maneno nimeyapanga njia nzima, mpaka mpakani nilikuwa nakushinda. Sasa nimeyasahau." Akamgeukia binti yake. "Lakini wewe, mwanangu, kule kuna shule nzuri. Kuna kila kitu. Nataka uwe karibu na mimi."

Ilinca alikuwa ameacha kucheka.

"Mama, kule unalala wapi?"

"Si unajua. Chumbani kwa yule bibi, kitanda cha pembeni."

"Na mimi nitalala wapi?"

"Tutakutafutia chumba. Kuna mwanamke wa kwetu anapangisha."

"Kwa hiyo usiku utakuwa kwa bibi, mchana utakuwa kwa bibi, na mimi nitakuwa kwa huyo mwanamke. Utakuwa unaniona lini?"

"Jumapili mchana," Dochia alisema polepole. "Alhamisi, kwa muda wa saa mbili tatu hivi."

"Sitaki kwenda kuwa peke yangu karibu na wewe," alisema Ilinca. "Afadhali niendelee kuwa na Baba, mbali na wewe. Anaunguza mayai, lakini akiyaunguza anakuwepo."

Agafia alivuta pumzi ya kuanza kusema. Tudor aliweka kiganja chake kizima juu ya mkono wake, na yule mama, kwa mara ya kwanza tangu harusi, akanyamaza alipoombwa.

"Ngojeni," alisema Dochia. "Ngojeni nifikirie."

Aliegemeza kichwa kwenye ukuta wa jiko la matofali lililokuwa nyuma ya kiti chake. Ukuta ulikuwa na joto. Walingoja afikirie. Baadaye kidogo waligundua kwamba amelala.

*

Alilala akiwa ameketi, kijiko mkononi, mdomo wazi. Hawakujua la kufanya.

"Mlaze kitandani," alinong'ona Agafia.

"Ataamka," alinong'ona Tudor.

"Atavunjika shingo."

"Hatavunjika. Nimewahi kulala hapo."

"Wewe huna shingo."

Ilinca aliwanyamazisha kwa kidole. Alikuwa anatazama mikono ya mama yake. Ngozi ilikuwa imechanika kwenye viungo kwa sabuni na dawa za kusafishia, na kucha zilikuwa zimekatwa fupi kabisa, kama za muuguzi. Kwenye simu mikono haionekani. Uso tu, na nyuma yake kabati la vyombo la watu. Ilinca alileta mto mdogo akauingiza kati ya sikio na ukuta. Tudor akainama, na kwa vile vidole vyake vinene akakitoa kijiko mkononi mwa mkewe, kidole kimoja baada ya kingine, bila kumwamsha. Agafia aliona, akajifanya hakuona.

Mchana ukaisha hivyo. Hakuna aliyetoa vyombo, kwa kuogopa kelele. Jogoo alipowika uwanjani Agafia alimtishia kwa ngumi kupitia dirishani.

Jua lilikuwa limefika kwenye mizabibu ya kilimani Dochia alipofumbua macho. Alishtuka, akaruka nusu wima, akatega sikio upande wa mlango kana kwamba kuna mtu anaita. Kisha akaona yuko wapi, akakaa tena.

"Mbona hamkuniamsha?"

"Tungeanzaje?" alisema Ilinca. "Ulikuwa unakoroma."

"Mimi sikoromi."

"Unakoroma," walisema wote watatu.

Alijipangusa uso kwa viganja. Alipoitoa mikono, macho yalikuwa mekundu, na hakujisumbua kuyaficha.

"Jumatano nitarudi kule," alisema. "Siwezi kumwacha mtu kitandani hivi hivi. Lakini nitamwambia mwanawe atafute mwingine. Nikishamfundisha huyo mwingine, nakuja."

"Lini?" aliuliza Tudor. Neno hilo alikuwa amelishikilia mwaka wa pili sasa.

"Sijui. Kabla ya Pasaka. Paa litangoja. Usinishike kwa tarehe, Tudor."

"Sikushiki."

"Na huyu?" Agafia aliuliza, akimwonyesha Ilinca kwa kidevu.

"Huyu ameshajibu."

Ilinca alikaa karibu na mama yake kwenye kile kiti kimoja, ambacho hakikuwatosha, na hakuna aliyemwambia ainuke. Tudor aliongeza kuni kwenye jiko ingawa zilikuwepo za kutosha.

"Nina njaa," alisema Dochia. "Supu imebaki?"

"Ipi?" aliuliza Tudor, na kila mtu aliona jinsi alivyosimama wima.

Dochia alimtazama kwa huruma yote ambayo mke anaweza kuwa nayo kwa mume mwenye aproni ya maua.

"Ya Mama, bwana. Yako nimeshaila."

Tudor alishusha mabega. Alitafakari kidogo, akavuta kiti chake mezani.

"Basi na mimi nitilieni hiyo hiyo," alisema.

Agafia alikwenda kupasha moto. Aliwageuzia mgongo wote watatu, akakaa hivyo mbele ya sufuria mpaka uso wake ulipokuwa tayari kuonekana na watu.